Watoto wanasema hewa sio kitu: maada na atomu nianzie wapi?

Mwalimu mmoja wa Ukerewe kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha kemia Form One, huu ni mwaka wa pili kazini. Watoto wangu wanaijua definisheni ya maada kama wimbo, kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, ila nikiuliza hewa ni maada au sio maada wanabisha, nusu ya darasa wanasema hewa sio kitu. Tukifika kwenye atomu ndo kabisa, wanachora miduara tu. Maabara hatuna, kuna kabati moja na nusu ya vilivyomo vimevunjika. Nianzie wapi? Halafu kuna mmoja baba yake yuko machimboni Geita, kaniuliza kama zebaki inaweza kugeuzwa dhahabu, nikamwambia nitamjibu kesho. Hiyo kesho sasa inaingia wiki ya tatu."

Marahaba mwalimu. Hiyo ya kesho usione aibu, mimi nina kesho zangu za toka nikiwa kijana na zingine sijazilipa mpaka nimestaafu. Ya zebaki nitakupa jibu mwishoni maana lina utamu wake na linahitaji vitu vingine vitangulie.

Sasa kuhusu hao wanaosema hewa sio kitu. Usiwaone wagumu, wanazungumza Kiswahili safi. Hebu sikiliza mtaani tunavyoitumia hewa: watumishi hewa, ahadi hewa, "usitupe maneno ya hewa". Hewa kwetu maana yake hakipo. Chupa ikiisha soda tunasema haina kitu. Mtoto kakaa na lugha hiyo miaka kumi na tatu halafu wewe unakuja na sentensi moja ya ubaoni unataka aiache, hawezi, atakariri ile ya mtihani na ile ya moyoni itabaki palepale. Na kuna shida ya pili imejificha: shule ya msingi walisoma maada, yabisi, kimiminika, wamefika Form One kila kitu kimegeuka Kiingereza, sasa wanasikia "mata" na nakuhakikishia wapo waliodhani ni mada mpya kabisa. Dakika tano za kwanza andika ubaoni majina yote mawili pembeni kwa pembeni, ya Kiswahili na ya Kiingereza, waambie ni mtu yuleyule kabadilisha shati. Nilichelewa sana kujua hili, niligundua siku nasahihisha madaftari nakuta mtoto kaandika maada ni za darasa la tano na mata ni za sekondari.

Kwa hiyo usianze na definisheni. Anza na ubishi wao wenyewe, hewa ni kitu au sio kitu, na waache wapige kura kabisa, andika idadi ubaoni. Halafu leta mpira wa miguu, pampu na mizani ya dijitali ya jikoni ile inayopima gramu moja moja, hii mama lishe au muuza keki yeyote anaweza kukuazima. Mpira uwe umeshajaa kiasi cha kuwa duara lakini ukiuminya unabonyea, hili ni muhimu, usianze na mpira uliosinyaa kabisa maana ukivimba unasukuma hewa ya nje na hewa ya nje nayo inaubeba kidogo, jibu litakudanganya. Pima, mtoto aandike. Pampu mpaka uwe mgumu, pima tena. Kwa mpira namba 5 utaona umeongezeka gramu nne, tano hivi. Kaa kimya. Usielezee. Waache watazamane, atatokea mmoja atasema mizani mbovu, mwambie arudie yeye. Ukitoa hewa gramu zinarudi zilipokuwa.

Baada ya hapo ndo uwape hesabu ya darasa lao. Chumba cha mita 8 kwa 6 na kimo mita 3 ni mita za ujazo 144, na kwa mwinuko wetu huku ziwani kila mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo moja na kidogo, maana yake hewa iliyomo humo darasani inakaribia kilo 150. Mifuko mitatu ya saruji. Wanakaa ndani ya mifuko mitatu ya saruji kila siku na wanasema hamna kitu. Rudia kura, utaona.

Ila kitu ninachotaka ukitilie maanani kuliko vyote katika jibu langu ni hiki: kabla ya kutaja neno atomu, swali linalotakiwa kukaa kichwani mwao ni moja tu, je vitu vimeungana mfululizo kama uji au ni punje punje kama mchele? Wagiriki walibishana hilo karibu miaka 2,400 iliyopita, Democritus akasema ni punje zisizokatika na neno atomu limetoka huko, maana yake kisichokatika, wengine wakakataa, na ubishi haukuisha mpaka juzijuzi tu mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa sisi tunamaliza ubishi wa miaka elfu mbili kwa dakika arobaini halafu tunashangaa watoto wanachora miduara. Miduara ni jibu la swali ambalo hawajawahi kuuliza.

Na mfano tunao hapa hapa ziwani, wala huhitaji kifaa. Si unawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi, ukiwa Ukerewe unawaona mbali huko mtu mgeni anadhani meli inaungua? Waulize watoto: ukiwa mbali unaona nini? Moshi. Kitu kimoja, kimeungana, kina umbo. Upepo ukiwaleta hapa ulipo unaona nini? Mdudu mmoja mmoja, mpaka wanaingia puani. Basi kazi yote ya somo hili ni kuwafanya wakubali kwamba maji, bati, mkate na hewa vyote ni kama ile nguzo ya moshi, ni kwamba hatuwezi kusogea karibu vya kutosha. Mfano una kasoro yake, wadudu wana akili na wanaruka wanakotaka, ila kwa kuanzia sijaona unaoushinda.

Sasa bomba la sindano, hapa nenda taratibu maana ndipo mali ilipo. Nunua duka la dawa mabomba kama manane, sindano zenyewe watoe hukohuko dukani usibebe. Kundi moja bomba moja. Vuta hewa mpaka katikati, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Inaingia, inaingia, halafu inakataa, ukiachia inarudi yenyewe kama springi. Watoto watacheka watarudia mara ishirini, waache. Halafu wavute maji, wahakikishe hamna povu hata kidogo, wazibe, wasukume. Haiendi. Kidole kinauma na haiendi. Hapo hapo, kabla hujasema neno, wape karatasi wachore wanavyodhani ndani ya bomba kukoje kabla ya kusukuma na baada ya kusukuma, kwa hewa na kwa maji. Hizo karatasi zichukue ukazisome nyumbani, kwangu mimi zilikuwa zinaniambia zaidi ya mtihani. Utakuta wengine wamechora rangi tu imekuwa nzito, hao bado wako kwenye uji. Wengine wamechora vidoti vimesogeleana, hao wameshafika wenyewe bila wewe. Na utakuta mmoja kachora vidoti vimekuwa vidogo baada ya kusukumwa, huyo msikilize vizuri maana kosa lake ni la akili: anadhani ukiminya hewa unaminya chembe zenyewe. Hapana, chembe ni zilezile, kilichopungua ni nafasi katikati yake. Ndivyo ilivyo na ukipasha kitu moto, chuma kinapotanuka sio kwamba atomu zimenenepa, zinatikisika zaidi zinahitaji nafasi zaidi, basi.

Halafu uliza swali la mtego: katikati ya chembe hizo za hewa kuna nini? Darasa zima watakujibu kwa pamoja, hewa! Nimeuliza swali hili miaka mingi na sikumbuki darasa lililonijibu tofauti mara ya kwanza. Warudishe kwa upole, hewa yenyewe ndo hizo chembe, sasa katikati ya chembe kuna nini? Hamna kitu. Hapo ndo neno hamna kitu linapostahili. Itawasumbua, na ni vizuri iwasumbue.

Ukiwa na nguvu ya kuendelea kuna lile la spiriti. Mililita 50 za maji na mililita 50 za spiriti safi ukichanganya haufiki mia, unapata kama 96 hivi, wakati ukipima uzito haujapungua hata gramu. Spiriti ya dukani imeshachanganywa na maji kwa hiyo upungufu utakuwa mdogo, na kwa bomba la sindano inabidi uwe na jicho kali, kwa hiyo mimi nilikuwa naanza na kopo la maharage na kopo la mchele, ukichanganya hupati makopo mawili kamili, mchele umejipenyeza. Ni lilelile ila linaonekana.

Na hapa niseme kosa langu ili usilirudie. Kuna lile la mwanga wa jua kupita tundu la bati unaona vumbi linacheza hewani, mimi nimefundisha miaka na miaka kwamba vumbi linacheza kwa sababu linagongwa na chembe za hewa. Sio kweli, au niseme ni kweli kwa sehemu ndogo mno, vumbi la kuonekana kwa macho linapelekwa na mikondo ya hewa tu kama jani linavyopelekwa na maji. Kugongwa kwenyewe kunaonekana kwa hadubini, Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona mwaka 1827 alipokuwa anaangalia vijipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua ndani ya maji, vinatetemeka haviachi, na hakujua ni kwa nini. Ikaja mwaka 1905 Einstein akapiga hesabu ya mtetemeko huo, Perrin Mfaransa akaupima kweli miaka michache baadaye, na hapo ndo karibu wabishi wote waliobaki wakakubali atomu zipo. Tundu la bati litumie kuonyesha mwanga unavyonyooka, lakini kwa hili liache.

Badala yake chukua pamanganeti, ile ya zambarau, punje moja ya kichwa cha njiti ndani ya glasi ya maji yaliyotulia na nyingine kwenye maji ya moto. Bila kukoroga. Ile ya moto inasambaa haraka zaidi. Harufu nayo, mmoja amenye chungwa mbele, macho wamefumba, kila anayesikia anyooshe mkono, utaona mikono inapanda kutoka mbele kwenda nyuma kama wimbi. Watoto wa mjini nilikuwa nawaambia wakumbuke soko la Mwaloni Kirumba, dagaa unawasikia kabla hujawaona, kuna kitu kimetoka kwenye dagaa kikasafiri mpaka puani, na kitu hicho ni dagaa kidogo. Wanakunja uso, ila hawasahau.

Swali la "sasa hizo chembe ni ndogo kiasi gani" lazima lije, na sisi watu wa ziwa tuna jibu letu. Usiwape namba zenye nukta na sifuri nyingi kwa nyuma, hazina ladha. Waambie hivi. Ziwa Victoria lina maji kama kilomita za ujazo 2,750. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Ukilichota ziwa lote kwa kijiko cha chai, Mwanza, Bukoba, Kisumu, Entebbe, lote, utachota vijiko 55 ikifuatiwa na sifuri 16. Sasa molekuli za maji, yaani zile chembe za maji, kila moja ni atomu chache zilizoshikana, ndani ya kijiko kimoja ni 167 ikifuatiwa na sifuri 21. Maana yake kijiko kimoja kina molekuli nyingi kuliko vijiko vilivyomo ziwa zima, tena sio kidogo, mara laki tatu. Kwa hiyo tuseme tungeweza kuzipaka rangi molekuli za kijiko kimoja, ukamwaga hapo Nansio gatini, ukasubiri mpaka zichanganyike na ziwa lote sawasawa, halafu ukaenda Bukoba ukachota kijiko chochote, utakuta humo molekuli zako karibu laki tatu. Fanya hesabu hii nao ubaoni hatua kwa hatua, hata kama hawajasoma moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe, namba ya molekuli wape tu. Kuna binti mmoja alinyoosha mkono akaniuliza kwa hiyo mwalimu maji ninayokunywa yamepita kwa kila mtu? Nikamwambia na kwa kila kiboko.

Hali tatu za maada pita haraka, wanazijua toka msingi, ila kuna vitu viwili vya kuangalia. Cha kwanza kitakukuta tu ukiwa na kipimajoto. Kitabu kinasema maji yanachemka nyuzi 100. Huku kwetu hayafiki. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha niliazima kipimajoto, maji yanatokota mbele ya darasa, kijana anasoma 96, nikamwambia soma vizuri, akasoma 96, nikasema kipimajoto kibovu nikawaandikia 100 ubaoni. Kumbe kibovu nilikuwa mimi. Ziwa lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji huku ni pungufu kuliko Tanga au Dar, kwa hiyo chembe za maji zinapata upenyo wa kutoka mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Nyuzi 100 ni ya pwani. Na wakati yanachemka waangalie kwamba hata ukiongeza moto namba haipandi, joto lote linaishia kwenye kuzing'oa chembe kutoka kwa wenzake. Kile cheupe wanachokiona juu ya sufuria sio mvuke wenyewe, ni vitone vidogo vya maji yaliyoshapoa, mvuke halisi hauonekani, uko kwenye ile nafasi wazi karibu na mdomo wa birika.

Cha pili ni barafu. Vitabu vingi vinachora yabisi chembe zimebanana kuliko kimiminika, sawa kwa vitu vingi, lakini kila mtoto aliyeona wanavyopakia sangara anajua barafu inaelea. Ingekuwa imebanana zaidi ingezama. Maji yakiganda molekuli zinajipanga kwa mpangilio unaoacha mapengo, ndo maana chupa ya maji uliyosahau kwenye friza inapasuka. Mwanafunzi akikuuliza hilo usimzime.

Watauliza pia moto ni maada? Mwanga? Mwanga hapana, joto hapana, sauti hapana, hizo ni nishati. Mwali wa moto ni gesi za moto na vipande vidogo vya masizi vinavyong'aa, kwa hiyo ndani yake maada ipo. Inatosha.

Elementi, kampaundi na mikscha, hapa watu wengi wanaleta jedwali la Mendeleev siku ya kwanza, elementi 118, mtoto anaona ukuta. Jedwali libandike ukutani usiliseme, litawaita wenyewe. Wewe chukua kijiko cha zamani weka sukari, kipashe juu ya jiko. Inayeyuka, inakuwa ya udhurungi, inanukia kashata, halafu inakuwa nyeusi tii. Shikilia mfuniko wa sufuria wa baridi juu yake kwa mbali utaona umetota vitone. Hivyo vitone ni maji, na kile cheusi ni kaboni, mkaa. Mkaa na maji vilikuwa wapi? Vilikuwa ndani ya sukari, lakini hukuviona wala hukuvionja, kwa sababu atomu zake zilikuwa zimefungana upya kwa namna nyingine. Hiyo ndo kampaundi. Mikscha ni mchanga wenye zile punje nyeusi, pitisha sumaku ya spika mbovu ndani ya plastiki utaona nyingi zinakamatwa, nyeupe zinabaki, hamna kilichobadilika, vilikuwa vinakaa nyumba moja tu bila ndoa. Na elementi, mwalimu, tuko kwenye kanda ya bahati: dhahabu ya Geita ikishasafishwa ni atomu za aina moja tu, almasi ya Mwadui ni kaboni tupu, na kaboni hiyohiyo ndo ile nyeusi ndani ya penseli yake ikijipanga vingine. Penseli na almasi. Waache wazitafakari penseli zao kidogo. Ukitaka kuwashtua zaidi waambie yale mawe makubwa ya Mwanza, Bismarck Rock na wenzake, ni granaiti, na karibu nusu ya uzito wa granaiti ni oksijeni. Wao oksijeni wanaijua ya mtungi wa hospitali.

Kuna tahadhari moja ndogo hapa, atomu moja ya dhahabu sio ya njano, haing'ai, wala haifuliki kuwa bangili. Rangi na ugumu vinatokea zikiwa nyingi pamoja. Watoto wanadhani atomu ni kipande kidogo cha kitu chenye tabia zote za kitu.

Ndani ya atomu iwe mwisho kabisa, wiki ya tatu au ya nne, na ianze na dhahabu. Mwingereza Thomson alishagundua elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu, mwaka 1897, kwa hiyo kile kisichokatika kikawa kimekatika. Halafu Manchester, Uingereza, mwaka 1909 Geiger na kijana Marsden, chini ya Rutherford, wakarusha chembe za mionzi kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu, nyingi zikapita kama vile hakuna kitu, chache sana zikarudi nyuma. Rutherford akatafakari mpaka mwaka 1911 akasema basi karibu uzito wote umejikusanya katikati sehemu ndogo sana, kiini. Baadaye ikajulikana kiini kina chembe zinazoitwa protoni, na nutroni, chembe nyingine ya humo humo, akaja kuipata Chadwick mwaka 1932. Kwa ukubwa chukua uwanja wa CCM Kirumba, majukwaa na yote, atomu ikiwa kubwa hivyo basi kiini ni punje ya mahindi umeiweka pale mpira unapoanzia. Elektroni ziko huko kwenye eneo lote lililobaki, na hazizunguki kwenye njia za duara kama mchoro wa kitabu, ila kwa Form One mchoro waache wautumie, mtihani unautaka, wewe waambie tu kwamba ni mchoro wa kuhesabia, sio picha.

Kitu kimoja wakishike hapo: kinachoifanya atomu kuwa dhahabu ni idadi ya protoni tu. 79 ni dhahabu. 78 ni platinamu. 80 ni zebaki.

Ndio, zebaki na dhahabu ni majirani wa ukuta mmoja, na sasa unaweza kumjibu mtoto wako. Mwambie baba yake machimboni hageuzi kitu. Zebaki inaikamata dhahabu iliyokuwepo tayari kwenye mchanga, zinashikana kuwa donge, donge linachomwa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Ni kutenganisha mikscha, na uhunzi wowote wa moto na kemikali unagusa elektroni za nje tu, kiini haukifikii. Kugeuza kweli inabidi uing'oe protoni moja kutoka kwenye kiini, na wanafizikia wa Marekani walifanya mwaka 1941 kwa kuipiga zebaki na nutroni zenye kasi, wakapata dhahabu kidogo mno, tena yenye mionzi, ambayo baada ya muda inajirudia yenyewe kuwa zebaki. Gharama yake usiulize. Halafu mwambie na hili kwa msisitizo: moshi wa kuchomea donge ni sumu inayokwenda kwenye mapafu na ubongo, baba asichomee jikoni wala karibu na watoto, atumie kile chombo cha kuufungia mvuke. Na wewe usikubali mtu akuletee zebaki darasani hata tone moja, hata kama watoto wanaipenda inavyokimbia mezani. Nimewahi kuipokea kwenye kichupa cha dawa ya macho nikaona zawadi, leo nisingeishika.

Na yale mabomba ya sindano chukua ya mililita 20, yale ya 5 vidole vya watoto vinateleza na hewa inavuja pembeni, wataanza kukwambia hewa imeisha.